Ng'ombe Niliowahesabu Lopur

Lodwar, Jumatano mchana

Nasimiyu mwanangu,

Umekwenda misheni kuaga masista na kurudisha vitabu vyao, na kwa jinsi ninavyowajua masista wale hutarudi kabla jua halijapungua. Hiyo inanipa kama saa tatu. Nimeketi kibarazani na daftari la kazini, mgongo nimeupa upepo ili mchanga usiingie kwenye karatasi.

Habari za masweta na pasipoti nitaziruka. Wiki nzima hii mji wote umegeuka mtaalamu wa baridi. Mama Wanjiru wa dukani, ambaye tangu ahamie huku hajaona baridi kali kuliko ya Kitale, amekuambia ulale na soksi. Askari wa kizuizini amekuuliza kama ni kweli huko Norwe jua huenda likizo, na akakushauri ubebe gunia la mkaa. Wamekuambia yote ya kuambiwa. Mimi nina jambo moja ambalo hakuna mwingine Lodwar anayeweza kukuambia, nami nimelinyamazia kwa miaka minne.

Jumapili mjomba wako Ewoi alikataa kukubariki. Unadhani unajua sababu. Hujui. Sababu ni mimi.

Nitaanza na yale uliyonisimulia mwenyewe uliporudi kutoka Kakuma, vumbi la lori likiwa bado kwenye nyusi zako. Ulimkuta Ewoi kivulini kando ya laga, mto wao mkavu, amekalia kigoda chake. Ulimsalimu “Ejok”, akaitika, akakuonyesha pa kukaa. Ukamweleza kwamba unakwenda mbali, pwani ya kaskazini, ukamwomba akutemee mate ya baraka kifuani kama anavyowafanyia watoto wote wa boma lake wanaosafiri. Akauliza huko unakwenda kufanya nini. Ukamwambia kwamba kuna mnyama anaitwa sili, anaishi baharini lakini huzaa juu ya mawe, na kuna ndege wanaotaga kwenye majabali, na watu wa chuo wanataka kujua wako wangapi. Wewe utakwenda kuwahesabu.

“Nani alikufundisha kuhesabu?” akauliza.

“Baba,” ukajibu.

Akainuka, akachukua kigoda chake, akaondoka.

Ulinisimulia huku ukicheka. Ulisema mjomba amezeeka, kwamba alitaka umtaje yeye, kwamba watu wa zamani wanaogopa namba kama wanavyoogopa kupigwa picha. Lakini kesho yake ulilitoa sanduku chini ya kitanda, ukaanza kupanga nguo, ukaziacha zimetawanyika siku nzima. Wakati wa chai ukaniuliza kama mtu anayeondoka bila baraka hupatwa na kitu. Nikakujibu kwamba sina ushahidi wowote. Ni jibu la mwandishi wa habari, na ni jibu la mtu aliyetaka mazungumzo yaishe.

Unajua jinsi nilivyofika hapa. Gazeti lilinituma kutoka Bungoma nikae miezi sita, nikamwoa mama yako, Akiru, nikabaki. Akiru alipofariki ulikuwa na miaka minane, na mimi nilikuwa mtu wa kulala nyuma ya malori, leo Kaikor, kesho ziwani. Ewoi alikuja kwa miguu kutoka Kakuma, akakaa nami siku nne bila kusema mengi, na siku ya tano akaondoka nawe. Ulikaa kwake miaka miwili. Sikumlipa kitu, wala hakuna siku alinikumbusha. Alinitania tu. Alikuwa akiniita “shemeji” kwa Kiswahili, kwa sababu ndilo neno la kwanza nililomfundisha, na mbele za watu akisema shemeji yake hana hata mbuzi kilema, lakini anajua habari za mifugo ya kila mtu.

Sasa nakuja kwenye mwaka wa ukame. Wewe ulikuwa shule ya bweni Kitale. Ofisi moja hapa ilikuwa ikigawa unga na maziwa ya unga kwa familia zilizoandikwa kwenye orodha, na Nairobi kulikuwa na maneno kwamba Turkana nzima imekwisha, hakuna ng'ombe aliyesimama. Mhariri wangu alitaka nimpe ukweli. Alitaka mahali, jina na idadi. Hayo matatu nilikuwa nayapenda kuliko kitu chochote. Vijana waliokuja kujifunza kazi kwangu niliwaambia kwamba habari isiyo na idadi ni porojo.

Nilikwenda Lopur. Ewoi alikuwa huko na kundi kubwa kwenye visima vilivyochimbwa ndani ya laga, vya kina cha watu watano, kila mmoja akimpokea mwenzake ndoo kutoka chini na wote wakiimba. Nilikaa ukingoni asubuhi nzima. Kila ng'ombe aliyefika kwenye hori nilihamisha kijiwe kimoja kutoka mfuko wa kushoto hadi wa kulia. Ewoi alisimama horini akiwaita mmoja mmoja kwa jina na kwa rangi, na kila aliyeitwa alikuja. Aliniona.

“Shemeji, ukimaliza kuchezea mawe, shuka uvute maji,” akasema, na watu wa kisimani wakacheka.

Vijiwe vilikuwa mia mbili na kumi na nne. Mchana nilimuuliza kama wote ni wake. Hakujibu. Alinipa kibuyu, akaniambia ninywe maziwa. Nilikunywa, nikaandika kwamba Ewoi wa Kakuma, mfugaji, ana ng'ombe mia mbili na kumi na nne wenye afya katika visima vya Lopur. Idadi ile ilikuwa sahihi. Ningeihesabu tena leo ningepata ileile.

Jambo ambalo sikuliandika ni kwamba ng'ombe wale walikuwa wa watu kumi na wawili. Ukame ulipokaza, marafiki zake kumi na mmoja, wale wanaopeana mifugo na kutunziana tangu ujana, walimletea ng'ombe waliobaki kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kisima. Wake mwenyewe hawakufika ishirini. Mtu wa huku akitunza ng'ombe wa rafiki humwita kwa jina kama wake, humtibu kama wake, na hamwonyeshi mgeni kwa kidole kwamba yule ni wa fulani. Ingetosha kuwauliza wanawake kisimani. Mtoto yeyote angeniambia. Nilikuwa nimeishi Turkana miaka kumi na mitano, nimeoa humo, na sikuuliza kwa mara ya pili kwa sababu idadi ilikuwa imekamilika na lori lilikuwa linaondoka.

Habari ile ilitoka ukurasa wa kwanza. Nilipata barua ya pongezi. Ofisa mmoja wa ile ofisi ya chakula alikata kipande cha gazeti, akakibandika kwenye faili, na siku ya kugawa unga Kakuma akasoma jina la Ewoi mbele ya watu. Akamuuliza mtu mwenye ng'ombe zaidi ya mia mbili anasimama kwenye foleni hii kutafuta nini. Watu waliokuwepo waliniambia kwamba Ewoi hakusema neno. Angeweza kujitetea. Lakini ili ajitetee ilimlazimu awataje wale kumi na mmoja, na kuwataja kungewaondoa nao kwenye orodha. Wanne kati yao walikuwa kwenye foleni ileile nyuma yake, na magunia yao mikononi. Akakunja gunia lake, akarudi nyumbani.

Kisha homa ya mapafu ikaingia kwenye kundi, karantini ikatangazwa, na hakuna ng'ombe aliyeweza kuuzwa.

Ewoi alikuja hapa, kwenye kibaraza hiki, baada ya kutembea siku tatu. Alikuwa na lile gazeti, amelikunja dogo na kulifunga kwa ngozi kama hirizi. Hajui kusoma, lakini mtu alimwonyesha mstari, naye akauwekea alama kwa mkaa. Akanikabidhi.

“Shemeji,” akasema, “hii uifute.”

Nikamweleza kwamba gazeti likishachapwa halifutiki, kwamba kinachowezekana ni kuandika marekebisho kwenye toleo lingine. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyomweleza kila mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nitaandika. Nikasema nitaandika. Akanywa maji, akaanza safari ya kurudi.

Niliandika mistari sita, nikaipeleka posta. Mhariri akajibu kwamba habari imepoa. Nikaacha hapo. Lakini si hilo ninalokuandikia. Ile ofisi ya chakula, Nasimiyu, iko hatua mia moja kutoka hapa nilipokaa. Naliona bati lake sasa hivi. Sikuhitaji mhariri wala posta. Ningevuka barabara, nikamwambia ofisa kwamba nilikosea, ng'ombe wale si wa yule mtu, rudisha jina lake, wala usiniulize ni wa nani. Nilikaa siku tisa. Kila asubuhi nilikuwa na sababu. Siku moja ofisa hayupo, siku nyingine nina habari ya ziwani. Sababu ya kweli ni kwamba ofisa yule alikuwa amenipongeza mbele ya watu, na nilikuwa mtu ambaye idadi zake hazikosei. Siku ya kumi nilikwenda. Alisikiliza, akachukua kalamu, akarudisha jina. Haikuchukua muda wa kikombe cha chai.

Arot alikuwa amekufa siku mbili kabla.

Nilikuandikia shuleni kwamba mtoto wa mjomba, yule uliyembeba mgongoni kila likizo, amefariki kwa malaria. Nililinakili neno hilo kutoka karatasi ya zahanati, nami nikajiambia kwamba nimeripoti kilichoandikwa. Mganga wa zahanati aliniambia kwa mdomo kitu ambacho hakukiandika, kwamba mtoto aliyeshiba angeipita malaria ile. Alikuwa na miaka mitano. Ulinijibu kwa barua yenye kurasa tatu, ukiuliza kama walimpa dawa kwa wakati. Sikuwahi kukujibu swali hilo.

Tangu hapo Ewoi hajakanyaga nyumba hii. Ulipokuwa ukienda kwake likizo alikupokea kama zamani, na sasa unaweza kuona ilimgharimu nini. Hakukuambia. Niliwahi kudhani anakulinda wewe. Siku hizi nadhani alikuwa akinisubiri mimi. Na Jumapili, mtoto aliyemlea anamjia na kumwambia kwamba anakwenda nchi ya watu kuhesabu viumbe vyao, na kwamba kazi hiyo kafundishwa na baba yake. Sijui ungetegemea afanye nini kingine.

Nimekusikia ukimwita mtu wa zamani. Ukiondoka na neno hilo juu yake, nitakuwa nimemwibia mara ya pili.

Sasa kidogo kuhusu kazi yako, maana siwezi kuitenganisha na haya.

Ulinisomea mezani barua ya Bi Solveig, yule mtafiti aliyekuajiri likizo zile mbili kumsaidia kuhesabu ndege wa ziwani. Alieleza kwamba pwani utakayokaa kuna wavuvi wanaosema sili wanawararulia nyavu, kuna familia ambazo kila majira hushuka majabalini kwa kamba kuchukua mayai ya ndege wa baharini, na kwamba watu hao si wepesi kumwambia mgeni sili wanazalia wapi. Bi Solveig aliandika kwamba ni watu wagumu. Wewe ulitikisa kichwa kukubali. Mimi nilikiweka kijiko mezani. Mtu anapokupa maziwa badala ya jibu, kuna watu nyuma yake ambao wewe huwaoni. Huko huenda akakupa kahawa. Kaa uinywe, na kabla ya kuandika mstari jiulize ni nani atakayesomewa jina lake mbele ya foleni kwa sababu ya huo mstari. Huenda bado utauandika. Sili nao wana haki ya kuhesabiwa kwa usahihi, na mvuvi naye hudanganya anapotaka kuendelea kuwaua. Sikuambii ufiche. Nakuambia mimi nilikuwa sahihi kwa idadi, na nilikuwa nimekosea kila kitu kingine.

Kuna jambo lako ambalo sijawahi kukusifia. Siku ile Eliye Springs, upepo ulipoinua mchanga na ndege weusi waitwao mnandi walikuwa wameketi ufukweni kama lami iliyomwagwa, Bi Solveig alisubiri idadi yako, nawe ulimpa karatasi ambayo mahali pa idadi uliandika, “Sikuona vizuri.” Alikasirika, kwa sababu gari lilikuwa limetumia petroli ya siku nzima. Ulikataa kuibadilisha. Mimi nilikuwa nimeegemea gari nikitazama. Katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kupeleka gazetini sentensi hiyo yenye maneno mawili. Nilitaka kukuambia hivyo njiani, nikakuambia ufunge kioo.

Na ulimkosea mjomba wako kwa jibu lile. Mimi nilikufundisha tarakimu, basi. Aliyekufundisha kutazama ni Ewoi. Ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa unaweza kusimama langoni pa zizi jioni na kusema yule mwekundu mwenye doa jeupe begani hajarudi, bila kuhesabu hata mmoja. Bi Solveig anasema huko watu wa chuo wameanza kuwatambua sili kwa madoa ya ngozi, mmoja mmoja, na kwamba wengi huwachukua miaka kuzoea. Wewe utakapoweza kwa mwezi mmoja, watakuuliza nani alikufundisha. Utajua jina la kutaja.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Nilifikiri kukuwekea barua hii chini ya nguo sandukuni, uikute ukiwa umeshavuka bahari. Nilishaandika hata bahasha. Kisha nikaona kwamba hizo ni zile siku tisa tena, ila zimefungwa kwa gundi. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, kabla ya chakula, wakati bado unaweza kufanya kitu.

Kitu chenyewe ni hiki. Lori la Kitale, ulilokata nafasi, linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi kutoka kwenye pampu ya petroli. Saa hiyo hiyo, mahali hapo hapo, gari la misheni linaondoka kwenda Kakuma, na litarudi Ijumaa jioni. Jumamosi kuna lori lingine la Kitale. Ukilipata hilo utafika Nairobi Jumatatu, na ndege yako ni Jumanne. Likikwama njiani siku moja, ndege itakuacha, na chuo hakijasema kama kitakupokea ukichelewa. Nimezungumza na madereva wote wawili. Yule wa Kitale ni mtu wa maneno.

“Mzee, binti anakwenda chini Kitale au juu Kakuma?” akaniuliza. “Mimi nasafirisha watu, siwezi kusafirisha mawazo.”

Nilimwambia aniwekee nafasi hata hivyo. Wa misheni naye ameweka mbili.

Mimi nakwenda Kakuma. Nimeamua hilo bila wewe, na ungekuwa huendi popote kesho bado ningekwenda. Nitamwambia Ewoi yale niliyokuandikia, pamoja na zile siku tisa, ambazo hazijui. Anajua niliandika vibaya. Hajui kwamba nilikaa hatua mia moja kutoka mlangoni. Akishajua huenda asiwe na baraka ya kumpa mtu yeyote wa nyumba hii, na ukiwa pale utayasikia kwa masikio yako, kisha utapanda lori la Jumamosi ukiwa mikono mitupu na umechelewa. Siwezi kukuahidi kinyume chake. Ukichagua Kitale, nitakuwa nimekuaga kwa kukutazama ukipanda, na nitamwambia mjomba wako kwamba unajua, na kwamba uliambiwa na mimi.

Sikushauri upande wowote. Nimeshakuchagulia mengi kwa kunyamaza.

Masista wanatoka nje ya kanisa sasa, nakuona ukiwapa mikono. Ukishamaliza kusoma hapa huhitaji kuniambia chochote jioni ya leo, wala hutakiwi kula nami ikiwa hutaki. Kesho asubuhi sanduku nitalibeba mimi. Nionyeshe tu kwa kidole ni gari lipi.

Baba yako